UZI: Unalipaje kazi usiyoiona? Migodi ya risasi ya Alston Moor, Uingereza, karne ya 18

KaraniWaMizani (Mbeya)

Wakuu, salaam kwenu.

Siku ile tulipobishana humu kuhusu mgao wa viroba vya mawe ya dhahabu kati ya mwenye duara (shimo la kuchimbia) na vijana wake, niliahidi kuleta mfano wa mbali na wa zamani ambao haujanitoka kichwani. Leo nimepata nafasi. Uzi ni mrefu, someni taratibu.

Nianze na neno. Ukisema "risasi" mtu anawaza bunduki. Lakini risasi ni jina la madini kwanza, tumelipata kwa Waarabu, na ile ya kwenye mtutu iliitwa hivyo kwa kuwa ilitengenezwa kwa madini hayo hayo. Humu nikisema risasi namaanisha madini: mazito, laini, unayakata kwa kisu. Ulaya ya karne ya 18 iliyahitaji kila mahali. Mapaa ya makanisa, mabomba ya maji, rangi nyeupe ya kuta, mng'aro wa vyungu, herufi za kuchapia vitabu, na vita, ambavyo havikukosekana.

Kwa nini mimi? Nilikuwa karani wa mizani kwenye karasha (mashine ya kusagia mawe ya dhahabu) moja huko Chunya, miaka minne. Kuna usiku mmoja waliingia vijana sita na viroba 40 vya mawe. Kiangazi, vumbi tupu, mawe makavu kabisa. Mwenye karasha akaniamuru nitoe kilo tano kila kiroba, "za maji". Maji yapi? Niliandika kama nilivyoambiwa. Tangu hapo nikawa natafuta kujua watu wengine, nchi nyingine, zama nyingine, walipimaje. Nikafika Alston Moor.

Alston Moor iko kwenye milima ya Pennine, kaskazini mwa Uingereza. Juu ni baridi, upepo, kondoo na majani makavu. Chini ni mwamba wa chokaa uliopasuka, na kwenye mipasuko kuna mishipa ya galena, jiwe linalometameta kama kioo cha kijivu, ndiyo mbale ya risasi, yaani jiwe lenye madini hayo ndani yake. Galena safi kabisa ina risasi asilimia 86 na kitu, inayobaki ni salfa.

Sasa angalieni nani alikuwa juu ya nani.

Ardhi ilikuwa ya familia ya Radclyffe, ma-Earl wa Derwentwater. James Radclyffe aliingia kwenye uasi dhidi ya mfalme, akakatwa kichwa London Februari 1716, mali ikataifishwa. Mwaka 1735 bunge likaipa hospitali ya mabaharia wazee na vilema pale Greenwich, London. Kwa hiyo mwenye ardhi akawa hospitali, iliyoko mwendo wa siku kadhaa kwa farasi, na wakurugenzi wake hawajawahi kushika nyundo ya mgodi.

Mpangaji mkubwa alikuwa kampuni yenye hati ya kifalme ya 1692, ambayo watu waliizoea kwa jina la London Lead Company. Wengine waliiita kampuni ya Waquaker, maana wengi wa wakubwa wake walikuwa waumini hao (Wakenya wa magharibi wanawajua vizuri, ndilo Kanisa la Marafiki). Nao walikaa London. Kijiji chao cha kazi kikawa Nenthead, juu kabisa bondeni.

Chini yao ndio wachimbaji, vikundi vya watu wanne, sita, nane. Hawakuwa vibarua wa mshahara wa siku.

Swali langu ndilo hilo la kichwa cha uzi. Mwenye mali yuko London. Jiwe liko mita mia chini ya mlima, gizani, kwa mshumaa wa mafuta ya ng'ombe. Nani anajua mtu amefanya kazi au amelala? Nani anajua mbale imetoka kiasi gani, na nani ameipunguza njiani?

Nawakaribisha, nitaendelea.

---

Nyundo_Katoro

Mkuu nimeweka kambi hapa. Mimi ni mchimbaji, nipo Geita. Nieleze hicho kipengele cha vikundi. Walilipwaje kabla mwamba haujafunguliwa? Kwetu mfadhili anatoa chakula na baruti, mawe yakitoka tunagawana viroba. Mkanda wa madini ukipotea, kila mtu anarudi kwao na njaa yake.

---

KaraniWaMizani

Nyundo, umegusa kiini chenyewe.

Walikuwa na mapatano. Wakala wa kampuni anashuka mgodini, anapima kipande cha mshipa kwa pima. Hii hii pima yetu ya mikono miwili, futi sita. Kipande kinaweza kuwa pima 15 au 20. Anaangalia mshipa una unene gani, mwamba mgumu kiasi gani, maji yapo au hayapo. Halafu kikundi kinakaa naye kupatana bei, kwa miezi mitatu au zaidi. Bei si ya siku wala ya mtu. Ni bei ya *bingi*.

Bingi ni kipimo chao cha mbale iliyokwisha kuoshwa, kama kilo 406 za kwetu. Mshipa ukiwa mnene, bei ya bingi inashuka, kwa kuwa mbale itatoka nyingi. Mshipa ukiwa mwembamba, bei inapanda. Kwa hiyo mapato ya kikundi yalikaa kwenye tofauti kati ya vile mshipa ulivyoonekana siku ya mapatano na vile ulivyokuwa kweli.

Mnaona ujanja unapoingia? Wakala anataka mshipa uonekane tajiri. Mchimbaji anataka uonekane maskini. Kikundi kikipata bahati kikavuna sana, mapatano yajayo wakala anakata bei. Ndiyo maana kampuni ilichagua mawakala waliotoka humo humo mgodini, watu waliochimba wenyewe tangu utoto. Bwana wa London angedanganywa mchana kweupe. Mtoto wa mchimbaji akipiga nyundo ukutani, sauti tu inamwambia kitu.

Pale pasipo mbale, mfano kuchimba handaki kupita mwamba mtupu ili kuufikia mshipa, malipo yalikuwa kwa pima iliyochimbwa. Hiyo rahisi, unapima kwa kamba.

Mishumaa, baruti na kunoa vyuma vilikatwa kwenye hesabu ya kikundi, sawasawa na mfadhili wako wa Katoro.

Na njaa yake? Hapo kuna jambo wengi hawalijui. Hesabu kamili ilifungwa mara moja kwa mwaka. Katikati mtu alipewa fedha kidogo ya kula, iliyoandikwa kama mkopo. Mwisho wa mwaka wanapiga hesabu: bingi zenu ni hizi, bei ni hii, toa mishumaa, toa baruti, toa mkopo. Kinachobaki ni chenu. Kisipobaki, deni linavuka nanyi mwaka mpya. Mkanda ukipotea, mtu alikuwa anadaiwa na kampuni hiyo hiyo anayoifanyia kazi, na atachukua mapatano mengine ili alipe.

---

Nyundo_Katoro

Mwaka mzima? Kwa nini wasifunge kila mwezi?

---

KaraniWaMizani

Kwa sababu ya barafu.

Mawe yaliyotoka mgodini hayakupimwa yakiwa hivyo hivyo. Kila kikundi kilikuwa na chumba chake cha mawe, kimejengwa nje ya mlango wa handaki, wazi kwa juu, na mawe ya kikundi hiki hayaruhusiwi kugusana na ya kikundi kile. Kutoka hapo ndiyo yanachenjuliwa: yanapondwa kwa nyundo pana, yanachekechwa ndani ya maji, yanapitishwa kwenye mialo, mifereji ya kuoshea. Galena ni nzito, inazama, kifusi kinakwenda na maji. Kazi hiyo ilifanywa sana na watoto na wanawake, mikono ndani ya maji ya mlimani. Majira ya baridi maji yanaganda, hakuna kuosha. Mawe yanalala chumbani hadi barafu iyeyuke. Hujaosha, hujapima. Hujapima, hujui unamdai nani.

Na hapo kwenye kuosha ndipo mwenye ardhi aliposimama. Hospitali ya Greenwich haikuchukua mrabaha wa fedha, ilichukua mbale yenyewe, bingi moja katika kila tano. Moja ya tano, wakuu! Dhahabu yetu, sheria ya 2017 iliweka mrabaha wa asilimia 6. Kwa hiyo wakala wa hospitali alikuwepo bingi zinapohesabiwa. Bonde la jirani, Weardale, migodi ilikuwa chini ya Askofu wa Durham, naye alikuwa na fungu lake, na juu yake padri wa Stanhope akachukua fungu la kumi la mbale. Parokia ile ya mlimani ikawa mojawapo ya zenye kipato kikubwa kuliko zote Uingereza. Mwanafalsafa Joseph Butler alikuwa padri pale kuanzia 1725 hadi 1740. Nikiwaza yule mtoto aliyechekecha mawe kwenye maji yale, kisha padri akapata utulivu wa kufikiri, moyo unanikaa vibaya.

---

Mhamiaji_Tyne

Habari zenu. Naishi Newcastle, nilifika Nenthead mwaka juzi na familia, sikuwa najua haya yote. Niwape nilichokiona.

Ni kijiji kidogo cha mawe, juu sana, ukipumua unaona mvuke hata mwezi wa tano. Vile vyumba vya mawe anavyosema Karani vipo, kuta zake bado zimesimama, vimepangana kama mazizi ya mbuzi. Mlango wa handaki ni tao la mawe, chini maji yanatiririka, na mwanzoni mtu mzima anaweza kuingia kwa kuinama kidogo.

Lakini kilichonishtua ni ardhi ilipokuwa nyumba ya kuyeyushia. Pembeni majani ni kijani, kondoo wanakula. Halafu ghafla mabaka ya kokoto yasiyoota chochote isipokuwa vimaua vidogo vyeupe na vingine vya njano na zambarau. Mtu wa pale akanieleza kwamba hivyo ni vimaua vinavyostahimili sumu ya risasi, majani ya kawaida hayawezi. Kazi ilishakoma zamani, na udongo bado. Binti yangu alitaka kuchuma, nikamshika mkono.

---

BintiWaMikindani (Mombasa)

Nimesoma hiyo ya Newcastle mara mbili. Mimi ni wa Mombasa. Hapa kwetu Owino Uhuru, mtaa wa watu maskini, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kupata risasi. Watoto wakaugua, wanawake wakaharibu mimba. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo nauliza: hao wa karne ya 18 walijua moshi ule ni sumu? Au walikuwa hawajui kweli?

---

MkemiaMstaafu (Dar es Salaam)

Dada, pole kwa ya Owino Uhuru. Nilifundisha kemia miaka 31, acha nijibu sehemu ya tanuru, maana bila kuielewa moshi hauelewiki.

Walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni jiko la kale la mbale: sanduku dogo la mawe au chuma cha kusubu, upana wake futi mbili hivi, nyuma kuna mivukuto inayosukumwa na gurudumu la maji. Kuni zake ni vipande vya udongo wa majani yaliyooza, unaokatwa mlimani kama matofali na kukaushwa, pamoja na makaa ya mawe kidogo. Watu wawili kwa zamu. Siri ya kazi ni moto mdogo. Ukizidisha, mbale inayeyuka ikiwa bado na salfa yake, na risasi nyingine inageuka mvuke. Kwa hiyo kila baada ya muda wanaivuta ile rojo mbele, kwenye bamba la chuma lenye mfereji, wanapasua mabonge kwa fimbo ya chuma, wanatupa pembeni mavi ya kijivu, wanarudisha inayofaa, wanaongeza chokaa kidogo ikilegea. Risasi yenyewe inachuruzika kwenye mfereji hadi chunguni. Kisha inachotwa kwa upawa kutiwa kalibuni. Zamu ya saa 12 na zaidi, uso uko pale pale.

Njia ya pili ni tanuru la kuba, wao waliliita kupola, na kampuni ile anayoisema Karani ndiyo iliyolieneza kutoka kiwanda chake cha Gadlys, Wales ya kaskazini. Jina rasmi la kampuni ile linataja kabisa kuyeyusha risasi kwa makaa ya mawe. Humo moto unakaa chumba chake, mbale chumba chake, ukuta mfupi katikati. Mwali unaruka ukuta, unagonga dari la kuba, unarudi chini juu ya mbale. Makaa ya bei rahisi hayagusani na mbale. Hakuna mivukuto, hakuna gurudumu, kwa hiyo hata maji yakikauka kazi inaendelea. Mbale kiasi inaungua ikawa oksidi, na oksidi inakutana na mbale iliyobaki: salfa inatoka na hewa, risasi inabaki. Kemia nzuri sana.

Na salfa hiyo inatoka wapi? Kwenye dohani. Inatoka pamoja na risasi iliyogeuka vumbi jepesi.

Walijua, dada. Wachimbaji wa Derbyshire, eneo jingine la risasi Uingereza, walikuwa na neno lao, *belland*, la ng'ombe waliokufa kwa kula majani karibu na matanuru, na la watu pia: tumbo linasokota, choo hakitoki, kisha mkono unalegea kifundoni, hauinuki. Mwaka 1767 daktari George Baker alionyesha kuwa maradhi ya tumbo yaliyowasumbua watu wa Devon yalitokana na risasi iliyokuwa kwenye mashine za kukamulia tofaa za pombe. Kwa hiyo waliojua ni wengi, wakulima, madaktari, na wenye matanuru.

---

KaraniWaMizani

Asante Mwalimu. Niongeze upande wa daftari, maana huko ndiko niliko.

Mbale ikifika kwenye nyumba ya kuyeyushia, wanachukua sampuli, wanaisaga, wanaikausha, wanapima kiasi kidogo, wanaiyeyusha kwenye chungu cha majaribio na dawa ya kuisafisha. Kile kitone cha risasi kinachobaki kinapimwa kwa mizani ndogo. Sasa msimamizi anajua: mbale hii inapaswa kutoa kiasi hiki kwa mia. Anasubiri. Waliyeyusha bingi ngapi, zimetoka risasi kiasi gani? Ikipungua sana, ama wayeyushaji wamezidisha moto, ama kuna aliyebeba.

Fedha nayo ilipimwa hivyo hivyo. Galena nyingi ina fedha kidogo. Risasi inawekwa kwenye sahani ya majivu ya mifupa, inapulizwa hewa ikiwa moto, risasi inageuka ganda la njano linaloondolewa, mwisho inabaki fedha peke yake, inang'aa. Ya kampuni hii ilipelekwa London kutengeneza sarafu. Za zamani za mfalme George I zipo sarafu zenye mawaridi na manyoya kwenye pembe nne, alama kwamba fedha yake imetoka kwao. Mtu wa sokoni London alishika mgodi mkononi bila kujua.

Nirudi kwa swali la BintiWaMikindani, kwa sababu jibu lake liko kwenye hesabu. Moshi ulikuwa na risasi ndani, na risasi ni mali. Mwishoni mwa karne ile Richard Watson, aliyewahi kuwa profesa wa kemia Cambridge na akaja kuwa askofu, alipendekeza wajenge dohani ndefu iliyolala, moshi upoe njiani na risasi iangukie humo. Karne ya 19 wakazijenga kweli, zikapanda mlima mwendo mrefu. Kule Allendale dohani mbili bado zimesimama juu ya nyika. Lakini shabaha yao ilikuwa kuliokota lile vumbi na kuliyeyusha tena, kama sisi na marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa. Masizi yalikwanguliwa na watu walioingia humo ndani. Kwenye daftari kulikuwa na safu ya risasi iliyopotea. Safu ya kifua cha mtu haikuwepo. Mimi nimeandika madaftari, najua: kisicho na safu hakiulizwi.

---

Wakili_wa_Mtaa (Dodoma)

Karani, uzi mzuri, lakini umechagua mfano wa kampuni kubwa na mabwana wakubwa ukaacha mwingine ulio jirani kabisa. Nenda Derbyshire, kusini kidogo ya huko. Kule mchimbaji mdogo alikuwa na sheria yake!

Kwenye eneo la mfalme, mtu yeyote aliruhusiwa kutafuta risasi kwenye ardhi ya mtu mwingine, bila kumwomba mwenye shamba. Isipokuwa makaburini, bustanini, kwenye mashamba ya matunda na barabarani. Akipata mshipa, anamwita mkuu wa migodi, Barmaster, anampa kipimo cha mbale ya kwanza, na eneo linapimwa kuwa lake. Anasimamisha winchi yake ya mbao juu ya shimo. Hiyo winchi ndiyo hati yake. Akiacha kazi bila sababu, Barmaster anakata alama kwenye mbao. Wiki ya kwanza alama, ya pili alama, ya tatu alama, mgodi anapewa mwingine anayeutaka. Hakuna kuhodhi leseni miaka kumi huku umekaa mjini. Angalia sisi, maeneo yameshikwa na watu ambao hawajawahi kuyaona, na vijana wanafukuzwa kama wavamizi!

Na kipimo chao hakikuwa siri ya tajiri. Kuna beseni la shaba nyeusi pale Wirksworth, la mwaka 1513, zama za Henry VIII, linachukua kama lita nane. Ukitaka kupima mbale, chombo chako kilinganishwe na lile. Mfano wa pishi ya sokoni, wote wanaijua. Fungu la mfalme ni beseni moja kati ya kila 13. Mahakama ya wachimbaji inakaa na baraza la wachimbaji wenyewe. Mpaka leo inaitishwa pale Wirksworth.

---

KaraniWaMizani

Wakili, nakubali, na lile beseni ningependa kulishika kabla sijafa. Lakini usiipambe sana Derbyshire.

Sheria zao za kale ziliandika kwamba mwizi wa mbale akikamatwa mara ya tatu, kiganja chake kichomwe kisu na kupigiliwa kwenye mbao ya winchi, ajikate ajinasue au afie pale. Hiyo moja.

Pili, haki ya kuchimba haikushibisha. Daniel Defoe alipita kule akaeleza, katika safari aliyoichapisha miaka ya 1720, familia aliyoikuta ikiishi pangoni. Mama akamwambia Defoe kwamba mume wake, mchimbaji, hupata peni tano kwa siku akiwa na bahati, na yeye mwenyewe akiosha mbale, peni tatu. Watoto watano. Defoe aliingia akaona vyombo vimepangwa safi kwenye rafu. Kisha akamwona mchimbaji mwingine akitoka shimoni, mwembamba, rangi imemtoka kama maiti. Na hiyo ndiyo nchi ya mtu huru mwenye winchi yake.

Tatu, na hili ndilo lililowamaliza: maji. Ukishuka chini ya maji, nyundo na uhuru havikusaidii. Unahitaji handaki refu la kutoa maji, miaka kumi au ishirini ya kuchimba bila kuona jiwe moja la kuuza. Nani ana fedha hizo? Matajiri walichimba mahandaki hayo, wakadai sehemu ya mbale ya kila mgodi waliokausha. Karne ya 18 ilipofika, wachimbaji huru wengi walikuwa na hisa ya jina tu. Hata maji yenyewe yalipata bwana: Richard Arkwright alipojenga kiwanda chake cha pamba Cromford mwaka 1771, alitumia maji ya handaki la mgodi wa risasi, kwa kuwa yanatoka chini ya ardhi na hayagandi.

---

Wakili_wa_Mtaa

La maji nakubali. Lakini Karani, je, matajiri wenyewe hawakukosea hesabu?

---

KaraniWaMizani

Walikosea sana. John Smeaton, mhandisi mashuhuri aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone, alikuwa mmoja wa wasimamizi wa mali ya hospitali kule kaskazini kuanzia 1764. Chini ya wasimamizi hao hospitali ikajenga nyumba yake ya kuyeyushia pale Langley, badala ya kuuza mbale yake ya mrabaha ikiwa ghafi. Hiyo ilikuwa busara. Kisha 1776 wakaanza handaki kubwa chini ya bonde la Nent, la kupita kwa mashua, litoe maji, na njiani likutane na mishipa yote. Lilichimbwa zaidi ya miaka 60, urefu karibu maili tano. Mishipa waliikuta, lakini mbale ilikuwa kidogo. Hospitali ilikuwa na fedha ya kukosea kwa miaka 60. Mchimbaji wa Nyundo_Katoro akikosea mwezi mmoja, anauza godoro.

---

Nyundo_Katoro

Kweli mkuu, nimeshauza.

Swali la mwisho kwangu. Kutoka mlimani hadi sokoni nani alipima? Maana kwetu wizi mkubwa haufanyiki shimoni, unafanyika njiani.

---

KaraniWaMizani

Mbale ilisafirishwa kwa farasi wadogo, wagumu, msururu wao mlimani, mfuko mmoja ubavu huu na mmoja ubavu ule. Farasi wanne walibeba bingi moja. Hiyo nimeipenda: hata asiyejua kusoma aliweza kuhesabu farasi mlangoni.

Risasi iliyokwisha kuyeyushwa ilitoka kama vipande vyenye muhuri wa kampuni, ikashuka Newcastle kupakiwa melini, nyingine London, nyingine Uholanzi. Na hapo kipimo kikabadilika. Waliuza kwa *fotha*. Fotha ya Newcastle ilikuwa kilo 1,067 hivi za kwetu. Fotha ya London, jina lile lile, ilikuwa kama 990. Kilo 77 katikati, kwenye neno moja. Kwa hiyo karani wa kampuni alilazimika kuandika kila mara ni fotha ya wapi, la sivyo mzigo "unapungua" baharini bila mtu kuugusa.

---

BintiWaMikindani

Karani, umetuanzia na wale vijana sita na viroba 40. Uliandika ulivyoamriwa. Yakaishia hapo?

---

KaraniWaMizani

Hayakuishia hapo, dada. Kuanzia usiku ule nilikuwa na daftari la pili, la kwangu, safu mbili: uzito wa mizani, na uzito wa tajiri. Nilipoacha kazi niliondoka nalo. Mmoja wa wale vijana alinipata mwaka jana hapa Mbeya, anaendesha bodaboda sasa, akaniuliza kama nakumbuka. Nikalileta, tukafungua ukurasa ule. Viroba 40, kilo tano kila kimoja. Kilo 200. Akapiga picha kwa simu ukurasa wote, akaniomba nisaini chini yake na tarehe. Nikasaini.